Mtungi Ulioinamia Mlangoni

Mimi ndiye ninayeligeuza jua. Linapofika mwisho wa safari yake upande wa kaskazini, likawa linataka kutukimbia moja kwa moja, mimi hulikoholea, nalo hunisikia, likarudi. Zaidi ya miaka sitini nimeifanya kazi hiyo, na hakuna mtu wa mji huu awezaye kusema nilichelewa hata asubuhi moja.

Haya, ni uongo. Jua hugeuka lenyewe. Mimi hukohoa kwa sababu ya moshi wa kuchomea vyungu, nami hukohoa kila asubuhi, kwa hiyo hata ile asubuhi ya kugeuka lazima linikute nakohoa. Lakini usinicheke ukamaliza. Yuko mtu ameutawala mji mzima kwa kikohozi cha namna hiyohiyo, na tofauti yake na mimi ni moja tu: yeye lile neno "ni uongo" hajawahi kulisema.

Naitwa Siwema, mfinyanzi. Shule nilikwenda mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe nililimaliza kwa kuwa mwalimu aliugua kabla hajapata nafasi ya kunifelisha. Ukikuta humu neno kubwa, ujue nimeliokota njiani. Mwenyewe akija nitamrudishia.

Mji wetu hauna jina. Ulikuwa nalo, limeandikwa kwenye kibao cha mbao pale njia panda. Upepo ukakiinamisha kibao. Kibao kikachomwa moto kwa kosa la kuinama, na jina likaenda na moshi. Tangu hapo tukiulizwa tunatoka wapi tunasema "hapa," na anayetuuliza, kwa kuwa naye yupo hapa, huridhika.

Anayetawala ni Mnyoofu. Usiniulize umri wake. Bibi yangu alitawaliwa naye, mama yangu akatawaliwa naye, nami nimezeeka chini yake, na meno yake yote bado yapo. Sijui kama ni mtu mmoja au ni kanzu moja wanayopokezana watu wengi. Mafundisho yake ni mafupi, mtoto huyakariri kabla hajaota jino. Dunia imesimama wima kama nguzo. Mnyoofu ndiye anayeishikilia isianguke. Jua huizunguka, likipendezwa husogea karibu tukapata joto, likichukizwa huenda mbali tukapata kipupwe. Na kinacholichukiza jua ni kimoja: kitu kilichoinama.

Ndiyo maana tuna Wapimaji. Mpimaji hutembea na timazi, ile risasi iliyofungwa kwenye uzi ambayo mafundi wa nyumba hupimia ukuta. Huiteremsha kando ya nguzo yako, kando ya mlango wako, kando ya uti wa mgongo wako. "Timazi haisemi uongo," ndiyo salamu yao, asubuhi na jioni. Mti ulioinama hukatwa. Mgomba uliolemewa na mkungu hukatwa pamoja na mkungu, nasi tukalala na njaa, lakini wima.

Na kila mwaka, kipupwe kinapokolea, hutafutwa mtu mmoja aliyeinama, akanyooshwa.

Kunyooshwa ni hivi. Upo ubao wa mvule mrefu kuliko mtu. Unalazwa chali juu yake, unafungwa kamba kipajini, kifuani na magotini, kisha kila kamba inakazwa kwa kijiti kinachozungushwa polepole mpaka mgongo ukubali. Mgongo ukikubali, mwenyewe huwa hayupo tena. Na siku ya pili yake jua huanza kurudi. Hapo ndipo panaponiunguza mimi: kweli hurudi. Watu wamemwona mtu akifa leo, wakaliona jua likirudi kesho, utawaambia nini? Mwaka aliponyooshwa Mzee Sadala, msuka mikeka mwenye nyonga mbovu, mimi mwenyewe nilipiga vigelegele. Nilikuwa na mitungi kumi na miwili mibichi inayogoma kukauka, nikalifurahia jua. Vigelegele vile viko humu kooni mpaka leo. Havijatoka vyote. Labda ndivyo ninavyovikohoa.

Mwaka huu wamemtaja Kidawa. Pacha wangu.

*

Sijui nani kati yetu alitangulia kuzaliwa. Mama alisema Kidawa, mkunga alisema mimi, na wote wawili wamekufa bila kusuluhishwa. Kuna asubuhi naamka nikiwa Kidawa. Nalala nikiwaza mgongo utaniuma upande gani leo, kisha nanyanyuka, hauumi popote, nakumbuka kuwa mimi ni yule mwingine, naona haya. Naona haya kwa sababu nyumba ile ilikuwa na watoto wawili na mzigo mmoja wa udongo. Udongo wa kufinyangia hutoka bondeni, mtoni, kapu zima la udongo mbichi, mzito kama maiti. Miaka minne mimi nilikwenda shule, na miaka hiyo minne yeye alikwenda mtoni mara mbili kila siku, zamu yake na zamu yangu. Madarasa yangu manne aliyabeba yeye. Nilipojua kuandika jina langu, tayari alikuwa amepinda kama ile S inayolianza.

Katika mji wa watu wima hata wakati umeamriwa usimame, kwa hiyo wakati mwingine jana inanipita nikiwa nimekaa. Namwona mama sasa hivi, ingawa kaburi lake nimelipalilia mwenyewe. Amechuchumaa mbele ya ukuta wa magharibi, mkaa mkononi. Ukuta wa mashariki una tundu dogo kama kifungo cha shati. Jua likichomoza, mshale mmoja wa mwanga hupita tunduni, hukatiza chumba, hugonga ukuta wa magharibi, na pale unapogonga mama huchora kijistari kwa mkaa. Kila asubuhi ya saba, kijistari; safari ya jua ikikaribia kwisha, kila asubuhi. Nyumba zote za wafinyanzi zilifanya hivyo. Mfinyanzi asiyejua msimu umefika wapi atafinyanga mitungi ipasuke. Vijistari vile vilitembea ukutani kwa ubavu, kutoka pembe hii kwenda pembe ile, kisha vikafika mahali vikasimama, siku nne, siku tano, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kisha vikarudi njia ileile.

"Linarudi kwa ajili ya nani, mama?"

"Hata anayerudi kwake unataka awe amekufuata wewe?"

Ikaja amri. Kila tundu linaloitazama mashariki ni jicho la wivu, lizibwe, na ukuta upakwe chokaa. Tuliziba. Mimi na Kidawa tulikanda udongo wa kuzibia tukiimba, watoto hawana akili. Mama hakuimba.

Na kitu kingine. Nilikuambia mwalimu wangu aliugua. Huo ni uongo wa pili, nao si wa kuchekesha. Mwalimu Hemedi hakuugua. Alisimama mbele yetu na donge la udongo alilochomeka kijiti katikati, akalizungusha, akasema dunia haikusimama wima wala hakuna anayeishikilia. Imeinama, nyuzi ishirini na tatu na nusu hivi, na hivyo ilivyoinama ndivyo inavyolizunguka jua, mwaka mzima, haibadilishi upande wa kuinamia. "Ingenyooka," alisema, "tusingekuwa na masika wala kiangazi." Kesho yake tuliambiwa anaumwa. Waliompima walisema donge lake lilikuwa limeinama na yeye alikuwa ameinama juu yake. Nimesema aliugua kwa karibu miaka sitini kwa sababu neno hilo ni laini, halikwaruzi. Leo nimechoka na maneno laini. Walimuua, tukapewa cheti.

*

Mpimaji alikuja asubuhi tunakausha vyombo. Kipupwe kinapokuwa kikali namna hii hatungoji jua; tunawasha moto katikati ya chumba na kuvisogeza vyombo kuuzunguka, kidogo kidogo.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Ukiingia uiname, mlango mfupi."

Mpimaji haruhusiwi kuinama. Nilimsikia akifikiri. Mwisho akaingia kwa kukunja magoti, mgongo umekakamaa, kama mtu anayekalia kiti kisichokuwepo. Kidawa akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga.

Alikuwa Chande, ambaye mama yake alikuwa hanywi maji ila ya mtungi wetu. Mtu mzima sasa, ana mke, ana mtoto, ana timazi shingoni.

"Nimemfuata Kidawa binti Makame."

"Kafanya nini?"

"Ameinama."

"Ameanza kuinama tukiwa na miaka tisa, ndiyo mmemwona leo? Macho yenu nayo yamekwenda mbali pamoja na jua?"

"Bibi, usinitanie." Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. "Mwanangu ana wiki ya tatu kifua kimembana. Mji mzima unakohoa. Nikikaa nikangoja, nitazika. Acheni nifanye kazi yangu, jua lirudi."

Hapo nilimwonea huruma, na huruma ile ikanizidishia hasira. Mwenye ubao hakuja. Alikuja baba wa mtoto mgonjwa. Daima humtuma mtu ambaye huwezi kumchukia vizuri.

"Limekwenda mbali wapi?"

"Mbali tu. Huoni baridi?"

"Mama yetu aliolewa huku akitoka upande wa pili wa dunia, mwendo wa miezi. Alituambia kwao, wakati kama huu sisi tunapotetemeka, watu hulala uani kwa joto. Jua likiwa limetukimbia sisi na wao, wao linawaunguza likiwa wapi?"

"Labda wao wamenyooka."

"Kwao hawaijui hata timazi," alisema Kidawa, kwa sauti yake ya chini. "Mama alicheka siku ya kwanza kuiona. Alidhani ni ndoana."

Kidawa akanitazama. Yeye hakwenda shule, lakini yale ya Mwalimu Hemedi nilimsimulia mimi, akayajaribu kwa mtungi, na ndiye aliyeyaelewa kabla yangu. Akaukamata mtungi mkubwa, ule wenye kitako cha mviringo usioweza kusimama peke yake, akauketisha juu ya kata ya nguo, shingo imeinamia mlangoni.

"Tazama, mwanangu. Moto ndio jua. Haufuati mtu, haumkimbii mtu, umekaa. Sisi ndio tunaotembea." Akausogeza mtungi mpaka kati ya moto na mlango. "Shingo inauangalia mlango. Shingo iko mbali na moto au karibu?"

"Imeupa moto kisogo."

"Na kitako?"

"Kimeuelekea."

"Sisi tunaishi huku kitakoni. Hiki ndicho kiangazi chetu. Walio shingoni wanatetemeka." Akaanza kuusogeza kuuzunguka moto, akitambaa, mgongo wake ule ukiwa sambamba na mtungi, shingo ya mtungi haiuachi mlango hata nukta. Akafika upande wa pili, ukutani. "Bado nimeuinamishia mlangoni. Sijabadilisha kitu. Sasa nani anaota moto?"

Chande aliukagua mtungi. "Shingo."

"Na kitako?"

"Kimebaki nyuma."

"Basi ndiyo kipupwe chetu. Na hatua nimezipima, tatu kule, tatu huku. Moto haukwenda mbali."

"Mkono wa tatu angekuwa nao," nikasema mimi, "angeuzungusha mtungi wenyewe nao, kama pia ya watoto, upate mchana na usiku. Lakini ana miwili na mmoja unauma."

"Moto ni uleule," Chande akasema, "kwa nini kitako kiwe baridi?"

Nikaushika mkono wake, nikaukabilisha kiganja na moto. "Unasikiaje?"

"Moto."

Nikaulaza mkono huohuo palepale, moto ukawa unampitia juu juu. "Sasa?"

Alisikia tofauti. Kuna mtu anakupiga kofi la uso na kuna mtu anakupitishia mkono shavuni. Mkono ni mmoja, lakini hutasema ni mamoja.

"Na huu," akasema taratibu, "nani aliuinamisha?"

"Hakuna. Ulitoka hivyo."

"Ukinyooshwa?"

"Ukinyooshwa hautakuwa na shingo inayokauka kwanza wala kitako kinachokauka baadaye," alisema Kidawa. "Utakula moto uleule wa tumboni siku zote, na ncha zake zitabaki mbichi milele. Usingoje masika, usingoje kiangazi. Kila siku itakuwa leo."

Nilimwona Chande akiuweka mkono kwenye kitako cha mtungi, kisha shingoni, kisha kitakoni tena. Nilidhani tumepata mtu. Ndipo nje mtoto wa jirani akakohoa, kikohozi kile kikavu cha mwaka huu, na Chande akaurudisha mkono kana kwamba ameungua. Akaupiga mtungi teke. Siku nne za mikono ya Kidawa zikawa vigae.

"Timazi haisemi uongo," akasema, lakini alisema kama mtu anayeuliza. "Nani Kidawa?"

Naye alikuwa anajua, tangu utoto wake. Lakini kazini Mpimaji hamjui mtu, anaijua risasi.

"Mimi," nikasema, nikainama.

"Mwongo huyu," akasema Kidawa. "Mimi."

"Msamehe, mwanangu," nikasema. "Uzee umemchanganya. Kila kipupwe hujiita jina langu."

"We Siwema."

"Umemsikia? Sasa ananiita mimi yeye."

Akaiteremsha timazi kando ya Kidawa, risasi ikasimama shubiri mbili mbali na kiuno. Akaja kwangu. Mimi si mtu wa kufanya jambo nusu. Niliinama mpaka nikaona visigino vyangu mwenyewe, nikaongeza na kuguna. Shubiri nne. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa wa kwanza katika mtihani.

Alijua. Nataka ujue kwamba alijua, nami nilijua kwamba anajua. Alitutazama wote wawili, akaitazama risasi yake, akachukua ile namba kubwa.

*

Njiani, nikitembea nimeinama, niligundua kwamba mji wetu una miguu. Miaka yote nilikuwa nauona una videvu. Ukiinama unaona vidole vilivyopasuka kwa baridi, unaona nani amefunga jeraha kwa kitambaa cha nani, unaona watu wima wanavyosimama kwa ncha za vidole ili timazi iwaridhie. Mji mzima umechoka nyayo. Na juu kule videvu vinaimba.

Hasira yangu si ya ubao. Ubao ni mti. Hasira yangu si ya Chande. Hasira yangu ni hii, na nikifa niandikieni juu yake, msiandike jina: kwamba kitu kilichokuwa kinakuja bure, kwa wote, kwa mwendo wake, bila kuombwa, mtu alikaa njiani akakipokea kwa niaba yetu, kisha akatuuzia kwa migongo yetu. Masika hayakuwa yake. Kiangazi hakikuwa chake. Alichokuwa nacho ni kujua siku, na akahakikisha hakuna mwingine anayeijua. Hilo la kujua siku nililikisia tu wakati ule. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na nyongo.

Usiku ule walinilaza katika nyumba ya Mnyoofu, na alfajiri wakanileta barazani. Baraza la Mnyoofu ni chumba kirefu chenye kuta nyeupe mpaka zinaumiza macho. Upande wa magharibi limetundikwa pazia jeupe, upana wa ukuta wote, na mbele ya pazia kuna kiti chake na ubao wa mvule. Watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, wakikohoa kwa zamu. Akaingia. Sura yake siikumbuki, nilikuwa nimeinama. Nakumbuka viatu vyake. Havikuwa na mkunjo hata mmoja, viatu vya mtu asiyetembea.

"Huyu ndiye aliyelichukiza jua," alisema. "Leo atanyooka, na kesho jua litarudi. Nimeliamuru."

Mnyoofu hutazama pazia kwa mbele. Wapimaji hulitazama kwa mbele. Watu wote walionyooka hulitazama kwa mbele, wakaona pazia. Lakini mtu aliyeinama kama mimi, kichwa karibu na magoti, hutazama kwa chini, na kwa chini pazia lile lilikuwa halijashikamana na ukuta. Nikaona nyuma yake. Nikaona kijistari cha mkaa.

Kisha kingine, na kingine. Vimepangana kwa ubavu, kutoka pembe ya kaskazini kuja pembe ya kusini, vimekwenda, vimerudi, miaka juu ya miaka, vingine vimefifia vya enzi za bibi yangu. Na kule karibu na pembe ya kusini, kwenye mwisho wa safari, vitano vipya vimebanana mahali pamoja. Siku tano za kusimama. Niligeuza shingo kuelekea mashariki. Juu ya vichwa vya watu, ukutani, tundu. Dogo. Kama kifungo cha shati.

Nikawa na miaka saba. Nikamwona mama amechuchumaa. Nikamwona Mzee Sadala akilazwa, na huyu Mnyoofu akingoja, akichungulia nyuma ya pazia kila alfajiri, akihesabu: bado, bado, bado, haya sasa, muueni. Nikavisikia vigelegele vyangu. Sijui ni nini kilitokea mgongoni mwangu. Nilinyanyuka. Nilinyanyuka mzima, mpaka utosi, na mkononi nilikuwa nimelishika pazia, likashuka pamoja na ufito wake.

Wakapiga kelele. "Amenyooka," mmoja akasema, na baraza zima likapokea: amenyooka, amenyooka, hajaguswa amenyooka. Wanawake wakapiga vigelegele. Hivyo ndivyo nilivyomsaidia adui yangu, mimi mwerevu wa darasa la nne. Na Mnyoofu, nampa haki yake, ni mwepesi. Alinyoosha mkono juu ya kichwa changu.

"Mmeona. Sikumgusa hata kwa kamba. Kesho jua litarudi."

"Mimi si Kidawa," nikasema. "Mimi ni Siwema. Mgongo wangu haujawahi kuinama, nilidanganya. Nimenyooka kama nilivyozaliwa."

"Kidawa ni mimi."

Watu wakapisha. Alikuwa ameingia polepole, kila hatua akiushika ukuta, fundo la kanga limemfunguka, mkononi ana kigae cha shingo ya mtungi. Kwa nini alikuja sijui. Nilitaka kumpiga. Nilikuwa nimemnunulia uhai kwa uongo mzuri kabisa na yeye amekuja kuurudisha dukani.

"Basi ubao ni wako," alisema Mnyoofu, na hakuonekana kukasirika. "Mlazeni."

Wawili wakamshika. Aliguna kidogo walipomgeuza chali, sauti ndogo tu, sauti ya kapu linalotuliwa chini. Kamba ya kwanza ikapita kipajini.

"Mzee," nikamwuliza Mnyoofu, "hizi alama za ukutani ni za nini?"

Alitazama nyuma. Alikuwa hajaona kwamba pazia limeanguka. Mtu aliyezoea kuficha kitu husahau kukitazama. Chumba kikapungua kikohozi.

"Ni vimo vya wanangu," alisema. "Kila baba huwapima wanawe ukutani. Kazeni."

Waliokuwa wameshika vijiti walitazamana, kisha wakamtazama Chande. Chande alikuwa anautazama ukuta. Ana mtoto nyumbani. Mtoto huyo amepimwa mlangoni, mstari juu ya mstari, nilimsikia mara nyingi akijisifu. Akaivua timazi shingoni. Akasogea ukutani, akaweka ncha ya uzi kwenye kijistari cha kwanza, akaiachia risasi.

Risasi ikashuka chini moja kwa moja, kama kawaida yake. Ikasimama. Uzi ulipita penye ukuta mtupu, mweupe, kutoka juu hadi sakafuni. Vijistari vilikwenda zao kushoto.

"Wanakua kwa ubavu, Mzee?" nikasema.

Chande alivifuata kwa kidole, kimoja kimoja, hatua kwa hatua, mpaka pembeni, na pale wakati huohuo jua la nje likachomoza, mshale mmoja ukapita tunduni, ukakatiza juu ya vichwa vyetu, ukagonga ukuta. Ulituama juu ya kijistari cha mwisho, sawasawa, kama kifuniko juu ya chungu chake.

"Na huyu wa leo," Chande aliuliza, kwa adabu yake yote, "anaitwa nani?"

Mnyoofu akafungua kinywa. Kikamtoka kikohozi.